Video ya Kumfungua Kaka

Kompyuta yetu ya nyumbani niliinunua ya mtumba Meru mjini, na kwa kuinunua tu ukoo mzima ukaamini kwamba mimi ni fundi. Sikukanusha. Mtu akisifiwa miaka mingi huanza kujisadiki, na ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Baba alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kukaa bila kuegemezwa mito. Asubuhi moja alimtoa shangazi chumbani, akaniambia nitafute kamera. Alitaka kumwondolea kaka yangu kirumi. Sisi ni watu wa kanisa, tunatoa fungu la kumi, lakini kwetu hakuna anayecheka akisikia neno hilo. Ni laana ya mzazi, na huondolewa na kinywa kilekile kilichoitamka. Miaka mingi nyuma, kaka, ambaye ni kifungua mimba, alimsukuma baba wakigombania pesa za majani chai, mbele ya majirani. Baba, akiwa bado chini, alitamka kwamba huyo asikanyage tena boma lake wala asimzike. Kaka akahamia upande wa Kiambere, mbali kwenye ukame, akalima ndengu kwenye lile jua. Alizika watoto wawili huko, na kila mtu kwetu alijua, au alidhani anajua, ni kwa nini.

Kaka hakuwa akipokea simu za nyumbani. Simu yangu ingetosha kumrekodi mzee, lakini baba alitaka kamera ya watu wa harusi, kitu ambacho ukoo hautabishana nacho. Nikaazima ya jirani. Baba alizungumza dakika nane kwa Kimeru, sauti imekonda, akipumzika kila baada ya maneno machache. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nilinakili video kwenye kompyuta, nikarudisha kamera, na jirani akaifuta kadi yake ya kumbukumbu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Faili ilikuwa ya aina ambayo simu za kawaida hazifungui. Nikapakua programu ya bure ya kubadilisha video. Mara ya kwanza ilifika asilimia arobaini ikaganda. Mara ya pili uso wa baba ulitoka umebonyezwa kama mkate. Mara ya tatu ikalalamika kwamba diski imejaa. Nilizima, nikawasha, nikaitoa programu hiyo nikaweka nyingine. Siku tisa zikapita hivyo. Kulikuwa na fundi halisi Majengo, mwendo wa nusu saa, na kila jioni nilisema nitaenda kesho. Sikwenda. Kilichonizuia ni kiburi, sina jina lingine la kukipa. Siku ya kumi baba akafariki.

Nyumba ikajaa watu. Shangazi alizima redio na televisheni, kisha akachomoa spika za kompyuta, akazikunja waya zake na kuziweka juu ya kabati.

"Hapa ni kwa matanga," akasema. "Hakuna kitu italia hii nyumba mpaka mzee azikwe."

Sikubisha, hiyo ndiyo desturi yetu. Nikaendelea kubadilisha ile video kimyakimya, waombolezaji wakiimba tenzi nyuma yangu. Programu ilinitolea kijisanduku cha manjano chenye maandishi mengi. Nikabonyeza sawa bila kusoma. Safari hii ikafika asilimia mia. Niliifungua nikamwona baba, uso wake mzima, midomo ikitembea vizuri bila kukwama. Nililia kwa furaha, aibu iliyoje. Kisha, kwa kuwa diski ilikuwa imejaa na watu walitaka ratiba ya mazishi ichapishwe, nikaifuta faili ya kwanza. Nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta.

Nikamwandikia kaka ujumbe: Mzee alikuondolea. Iko kwa video. Kuja.

Alikuja siku moja kabla ya mazishi, amevaa koti la suti lililofifia mabegani. Hakuingia. Alisimama nje ya lango, ncha za viatu zikiwa kwenye mstari wa lango kabisa. Basi tukaitoa kompyuta hadi langoni, tukaiweka juu ya meza ya jikoni, waya wa umeme ukikatisha uani. Shangazi mwenyewe alileta spika. Waombolezaji wakanyamaza.

Baba akatokea. Midomo ikacheza. Nikaongeza sauti, nikasukuma waya, nikazima nikawasha. Dakika nane nzima baba alizungumza na hatukusikia hata pumzi yake. Mwishoni aliinua mkono, na mkono huo ungeweza kuwa wa kubariki au wa kufukuza.

"Anasema nini?" kaka akauliza.

Niliikimbiza mashine Majengo kwa bodaboda. Fundi aliipekua saa nzima. Programu ya bure, akanieleza, haikuwa na ruhusa ya kufungua aina ya sauti ya kamera ile, ikatoa picha tupu, na ilikuwa imenionya kwenye kile kijisanduku cha manjano. Ile faili ya kwanza haikuweza kurudishwa; mahali pake kwenye diski palikuwa pameshaandikwa ile ratiba ya mazishi.

"Ungekuja mapema, boss, hii ilikuwa kazi ya dakika kumi," alisema, bila ubaya wowote.

Nilimkuta kaka bado pale, ameketi juu ya jiwe, chai ya shangazi imepoa mkononi. Nikamwambia yote. Nikamwapia kwamba nilisikia kwa masikio yangu, baba alimwondolea.

"Wewe ndiye ulibaki na shamba," alisema, bila hasira. "Lakini nitakuamini. Niambie vile alisema. Si maana yake. Maneno yenyewe, kwa Kimeru, vile yalitoka."

Nikafungua mdomo. Siku ile chumbani nilikuwa nikitazama taa nyekundu ya kamera na alama ya betri, nikiogopa isizimike. Nilijua baba alisamehe. Neno lenyewe hata moja sikuwa nalo. Ningeweza kutunga, na kaka alikuwa akinitazama kinywani akijua kwamba ningeweza.

Alinirudishia kikombe. Kesho yake tulimzika baba, na kaka alisimama barabarani, nje ya ua, mpaka kaburi likajaa.