Mgongo Mpya wa Spès na Kilo Alizokatazwa Kupunguza

Saa tatu asubuhi, Spès anapanda mizani ya hospitali moja jijini Bujumbura, mkono mmoja ukutani. Leo ndiyo leo: atajua kama atarudi kwenye sufuria yake ya ugali, ile ambayo ndama angeoga ndani bila kukunja miguu.

Mpishi huyu wa mtaa wa Kinama, mwenye miaka arobaini na minne, hulisha wajenzi sitini kila mchana. Mwaka jana risasi zilipolia, alikimbia na sufuria kichwani, ugali ukifuka moshi. Majirani wanaapa alizipita baiskeli mbili. Alipoitua mtaa wa pili, Buterere, kiuno kilikataa kunyooka.

Miezi sita iliyopita aliungwa pingili mbili za kiuno kwa mfupa na skrubu. Alikuwa na kilo mia moja na kumi na sita.

"Muganga aliniambia mufupa wa munene unaungana pia," anasimulia. "Ila kidonda kinakawia, na kiuno kinabeba muzigo hata nikikaa. Nitembee, nipunguze."

Kweli, kidonda kilivuja wiki tatu. Mpagazi mwembamba aliyepasuliwa vilevile, kitanda cha pili, alirudi kwake siku ya nane.

Shida ni kwamba Kinama, tangu miaka ya vikwazo vya uchumi na njaa, mtu akikonda majirani huanza kuulizia jeneza. Irène, wifi yake, alileta maharage ya mawese asubuhi na jioni. Spès alionja vijiko viwili, akatoka kutembea.

"We wifi, unataka batu baseme kwa kaka yangu hakuna chakula?" Irène anafoka hata sasa, pale mlangoni.

Mizani inasema mia moja na moja. Daktari anabonyeza mkanda wa mgongo aliofungwa tangu upasuaji. Unabonyea kama mto. Anaufungua. Chini yake kuna vitenge vitatu.

"Mama, nini hii?"

"Muulize wifi. Amenivalisha unene."

"Apana, Dokta! Kule njiani batu banaangalia!" Irène anajitetea.

Bila vitenge: tisini na tisa. Wauguzi wanapiga makofi.

Daktari anainua picha ya eksirei dirishani, anaifuata kwa kalamu. Kisha anacheka: mfupa umeshikana!

"Rudi kazini. Koroga, lakini usiinue."

Spès anamtazama Irène kuanzia mabegani hadi miguuni, kama anayechagua ng'ombe.

"Mi?" Irène anashtuka.

"We. Sufuria utainua we."

Tayari mteja mmoja mwashi anamjengea Spès jiko la kufika kiunoni, asiiname tena. Mpishi mwenyewe anataka kulisha watu mia kabla mwaka haujaisha.

"Jumatatu," anawaambia wauguzi, tayari yuko mlangoni. "Mukuje na njaa."