Dudda Aliyekufa Ndani ya Wimbo

"Kama ulikufa, kaa umekufa!" Leofrun alimwambia mumewe, mwiko wa uji wa shayiri mkononi.

"Miaka kumi na miwili nimewavutia maharamia makasia, mke wangu. Ndiyo makaribisho haya?"

"Ulitaka nikuchinjie nguruwe? Punguza sauti, majirani wana masikio."

Huyo Dudda ni mwanangu. Nilimzaa mwaka wa baridi ile kali, jogoo akiwika sauti inaganda hewani, tukaja kuzisikia zote kwa mkupuo barafu ilipoyeyuka. Asiyeamini shauri yake. Tangu utotoni alichunga nguruwe msituni, chini ya mialoni, akawa anaongea nao kuliko alivyoongea na watu. Hakuwa shujaa. Alikuwa mtu wa kula na kulala mapema.

Kilichomponza ni bakuli. Ukumbini kwa Bwana Wigmund pombe ya asali ilizungushwa, kila mwanamume akanywa, akasimama, akaapa mbele ya wenzake. Ilipomfikia mchunga nguruwe wangu, naye akasimama: hatarudi nyuma hata unyayo mmoja. Wakacheka, wakagonga meza. Lakini kiapo ni kiapo. Kwetu ukishakunywa bakuli lile, bwana akianguka nawe unaanguka ubavuni pake. Ukirudi hai, ukoo wako wote unanyang'anywa ardhi, na jina lenu watu wanalitemea mate.

Maharamia wakaja. Bwana akauawa kivukoni na watu wake wote, ndivyo tulivyoambiwa. Mshairi wa ukumbi akachukua kinubi, akatunga, na hata Dudda akapewa mstari wake, maneno yakianza kwa mlio mmoja kama wanavyopenda wao: *Dudda dume, dimbwi la damu, daima atadumu.* Mke wa bwana alilia mpaka akaloa. Akampa Leofrun shamba la kando ya mto, akamchukua mjukuu wangu Beornwyn, wakati huo kitoto cha kubebwa mgongoni, akalelewe ukumbini.

Na leo asubuhi marehemu kapiga hodi. Uso umepasuliwa na shoka kuanzia paji hadi kidevu, nywele nyeupe kuliko zangu. Mimi niliyemzaa nilimtambua kwa namna alivyonusa sufuria.

"Sikurudi nyuma," alisema. "Nilipigwa nikaanguka palepale niliposimama. Nilipozinduka nimeshafungwa kamba."

"Kamwambie mshairi hayo," alisema Leofrun.

"Kwani wimbo unasemaje?"

Nikamweleza mimi. Kwamba aliua tisa. Kwamba mbwa mwitu, tai na kunguru walishuka kuzila zile nyumba za mifupa, ndivyo mshairi anavyoita miili ya watu.

Dudda akacheka, kicheko kibaya. "Tai gani, Mama? Kulikuwa na nzi. Na nguruwe wa mtu, kakata kamba, anamla bwana miguuni. Nimefungwa mikono, nikampigia kelele zile zangu za msituni mpaka akaondoka. Hiyo ndiyo vita yangu yote."

"Hilo la nguruwe usilirudie popote," nikamwambia.

"Baba Beornwyn, nisikilize," alisema Leofrun, na sasa sauti ilikuwa imemlegea. "Leo binti yako anabeba bakuli ukumbini kwa mara ya kwanza. Binti wa mchunga nguruwe! Kwa sababu ya baba yake aliyekufa. Ukitokea wewe, kesho hana bakuli, hana shamba, hana mtu wa kumwoa."

"Nataka nimwone tu."

"Umwone kama nani?"

Akanigeukia mimi. Alinitazama vile alivyonitazama alipokuwa mdogo, akivunja kitu. Mama mwingine angesema, kaa mwanangu, nyumba ni yako. Mimi nilimpakulia uji nikamwambia ale upesi, apitie nyuma, kwenye zizi.

"Hata wewe, Mama."

"Kula."

Mlango ukasukumwa. Beornwyn aliingia na gauni alilopewa na mke wa bwana, bizimu ya fedha ikilibana begani, akiimba chini kwa chini mstari wa baba yake. Alipouona ule uso kando ya moto, wimbo ukamkatikia mdomoni.

"Bibi, huyu mgeni ametoka wapi?"

Leofrun aliuinamia mwiko. Mimi niliyaangalia majivu. Dudda alikuwa ameshafungua kinywa. Akakijaza uji.