Baba Yetu Moja kwa Picha Moja

Harufu ya chumba kile niliinusa mara moja tu katika maisha yangu, na hata leo ningeitambua nikiwa usingizini. Ilikuwa chachu, kama pombe ya ndizi ya siku ya tatu, na ndani yake kulikuwa na ukali unaouma pua kama moshi wa kuni mbichi. Kilikuwa chumba kidogo cha udongo huko Walikale, mashariki ya Kongo. Mwenye chumba alikuwa ameziba kila ufa kwa majani ya migomba, akatundika blanketi mbili mlangoni, moja nje na moja ndani. Baba yangu na mimi tulitoka Kingi, milimani Masisi, tukafika pale kwa sababu ya macho ya koko. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini safari hiyo naweza kuisimulia kuliko mwalimu yeyote.

Koko, mama yake baba, alikuwa amezaa watoto tisa, na sita walikuwa hai. Hao sita hawakuwa wamekaa pamoja kwenye uwanja mmoja kwa miaka mingi. Mmoja alikuwa Nyamitaba na ng'ombe zake, shangazi aliolewa mbali Walikale, wengine kila mmoja na kilima chake. Walikutana siku ya ndoa ya dada yangu mkubwa, miaka michache baada ya uhuru. Mjomba Safari, kaka yake mama, aliyekuwa karani wa mzungu mwenye shamba la chai, alikuja na apareyi ya foto, yaani kamera, ambayo mzungu yule alimwachia alipofunga mizigo kurudi kwao. Filimu ilikuwa moja, ya picha nane. Saba alizipiga hovyo, nyingine ni za mbuzi wa mahari. Ya nane koko aliidai mwenyewe. Aliketi katikati, watoto wake sita wakamzunguka, naye akamwambia mjomba, "Usitikisike kama mulevi. Hii njo nataka kuona mbele macho yangu ifungwe."

Maana macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na alitaka kuiona kabla hayajafunga kabisa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilikuwa linapungua kila mwezi. Mimi ndiye niliyemshika fimbo, kwa hiyo nilijua kuliko watu wazima. Leo alikuwa anaona kuku, kesho alikuwa ananiuliza kama ni kuku au ni jiwe. Kumbe sisi tulidhani filimu ikishapigwa, picha iko tayari ndani, inangoja kutolewa kama punje kwenye ganda. Koko akaichukua ile roli ya filimu, akaizika ndani ya kibuyu cha mbegu za maharagwe, katikati ya majivu, ili wadudu wasiile. Na hakuna aliyeona kosa. Ndivyo tulivyohifadhi kitu chochote ambacho kesho yetu ilikitegemea.

Kuuliza si ujinga, basi baba akaanza kuuliza nani anaweza kuitoa picha. Padri wa misheni alisema za kwake anazituma Ulaya, zinarudi baada ya miezi mingi. Baba akamshukuru akaondoka, kwa sababu miezi mingi ndicho kitu ambacho koko hakuwa nacho. Tulisikia kwamba Goma kulikuwa na duka la picha, baadaye tukasikia mwenyewe amelifunga akaenda zake. Subira huvuta heri, lakini ukungu ule haukusubiri mtu. Mwishowe shangazi wa Walikale akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori: kwao kuna mtu anaitwa Papa Zakaria, zamani alifanya kazi na wazungu wapima madini, anasafisha picha nyumbani kwake. Baba alitaka kwenda peke yake. Koko akakataa. "Muende na Mapendo," akasema, yaani mimi. "Wewe utaniletea foto ya mutu mwingine na utasema ni yangu. Huyu mutoto njo macho yangu."

Tulipanda juu ya magunia ya viazi, tukateremka kutoka baridi yetu hadi kwenye msitu ule ambao hauishi, ambako jasho linatoka hata ukiwa umekaa. Siku mbili. Sijawahi kufurahi vile. Nilikuwa nimevaa gauni la ndoa ya dada, na roli ya filimu nilikuwa nimeifunga kiunoni kwa kitambaa, bado ina majivu.

Papa Zakaria alikuwa mfupi, vidole vyake vimekuwa vya kahawia kwa dawa za picha. Alipofungua kile kitambaa, majivu yakamwagika mezani.

"Hii ni filimu ao ni muhogo mumetoa mu moto?" akauliza.

"Ni ya mama yangu," baba akajibu, na kwa baba jibu hilo lilitosha.

Aliingia na filimu gizani peke yake. Kesho yake akatuita kuona ule mkanda umening'inia, umekauka. Niliusogelea nikashtuka. Nyuso za watu wetu zilikuwa nyeupe, na koko, mwenye mvi kama pamba, alikuwa na nywele nyeusi tii kama msichana. Nikasema huyu si koko, turudishe. Papa Zakaria akacheka mpaka akaketi. Akanieleza kwamba mkanda unasema kila kitu kinyume, na karatasi ndiyo inayorudisha ukweli. Tatizo ni kwamba karatasi zilibaki mbili, na nyingine zilikuwa zinangojwa kutoka Bukavu, Mungu alijua lini.

Sasa sikilizeni kazi yake ilivyokuwa. Alikuwa anaweka mkanda juu ya karatasi, anaugandamiza kwa kioo kwa mikono miwili, kisha taa ya petroli inafunuliwa juu yake kwa muda maalumu. Saa hakuwa nayo. Kipimo chake kilikuwa Baba Yetu moja. Ukisema Amina, taa inafunikwa. Kila siku alikuwa anasali mwenyewe, lakini siku ile alikuwa na mgeni mtu mzima aliyetoka mbali, na kwetu sala hupewa mgeni. "Papa, utuongoze," akamwambia baba kwa heshima. Mimi nikashika kitambaa cha kufunika taa.

Baba yangu alikuwa kiongozi wa sala wa kilima chetu. Alivua kofia, akakohoa, akaanza kuvuta kila neno kama wanavyolivuta kanisani siku ya Pasaka. Papa Zakaria alikuwa anamtazama kwa jicho la kuomba huruma, mikono yake imekwama kwenye kioo, lakini nani atamkatiza mzee akiwa mbele ya Mungu? Alipofika kwenye mkate wa kila siku, mimi nilijua kuna jambo. Karatasi ilipoingia kwenye dawa ikawa nyeusi yote, kama sufuria.

"Nyinyi watu wa Masisi," Papa Zakaria akasema taratibu, "munasali kama munapanda mulima."

"Mwenda pole hajikwai," baba akajibu.

"Hajikwai, papa, lakini karatasi inaungua."

Ilibaki moja. Baba akavaa kofia yake, akasogea ukutani. Papa Zakaria akaniuliza kama najua Baba Yetu. Nikamwambia ile ya shule, tunayosali asubuhi kabla ya uji. Akasema, "Hiyo njo sawa." Nikasali kama mtoto anayeona ugali unapoa mbele yake. Amina, taa ikafunikwa, karatasi ikazama kwenye bakuli, na tukainama vichwa vitatu juu yake. Haikuonyesha kitu. Kisha nyuso zikatoka. Nyuso zao ndizo zilizotangulia, kwa sababu sisi ni weusi, zikafuata nguo, na mwisho mlima nyuma yao. Majivu yalikuwa yameacha vitone vyeupe kila mahali, kana kwamba mvua ya mawe ilikuwa inawapiga nao wanaendelea kucheka. Baba akasema "Mama" kwa sauti ndogo. Mimi nilicheza mle ndani mpaka nikamwaga maji.

Nyumbani koko alikaa mlangoni penye jua, akaileta picha karibu na jicho la kulia mpaka pua ikagusa karatasi. Akaanza kuwataja, kila mmoja akimgusa kwa ukucha: baba, shangazi, yule wa Nyamitaba, mpaka watano. Alipofika wa mwisho, ambaye mjomba Safari alimkata ukingoni mwa picha akabaki nusu uso, akasema, "Huyu, hata kuzaliwa alichelewa." Tulicheka mpaka jirani wakaja kuuliza.

Kabla ya mavuno mengine ya maharagwe jicho likafunga. Lakini Jumapili baada ya misa alikuwa anaomba picha yake, anaiweka mapajani, na ukucha unakwenda wenyewe kwa kila mtoto, haukosei, miaka yote mpaka alipotuacha.

Sasa wajukuu wangu wana picha elfu ndani ya simu moja. Wanazisukuma kwa kidole, hii, hii, hii, na sijaona aliyesimama kwenye moja kwa muda wa Baba Yetu hata ile ya haraka. Siwakatazi, ni wakati wao. Picha ya koko ninayo mimi. Nyuso sita zimefutika, zimebaki matundu meupe sita mahali ukucha ulipokuwa unapita. Mjukuu wangu mmoja alisema kuna mashine mjini inayoweza kuzirudisha. Nilimwambia aache, ukucha ule ulipita pale kwa miaka.