Picha ya Kifua cha Mama Mkwe

Juzi, kwenye mafunzo hapa Goma, mgeni mmoja alituonyesha sinema ya eksirei. Panzi yu hai, anapumua. Mashine inampiga picha nyingi mno kwa sekunde moja, kutoka kila upande, na kwenye kioo unamgeuza utakavyo ukaona mirija ya pumzi inavyotanuka na kunywea. Panzi haambiwi atulie. Wapiga picha wenzangu wa hospitali walishangilia. Mimi nilikasirika, hasira ya kijinga, ya mtu mzima kumwonea wivu mdudu.

Mwaka ule volkano ilipouchoma mji, waasi ndio wakiwa serikali, mama mkwe wangu alikuja kutoka Rutshuru na kikohozi cha miezi. Tulikuwa na mashine moja kuukuu, inayochukua muda kupiga: mgonjwa akitikisika, picha imekwenda. Mpigaji nilikuwa mimi peke yangu. Muuguzi wa kike alikuwa kwenye foleni ya maji, kama mji mzima.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumwambia avue nguo. Nami kazi yangu ilikuwa kumvua, kumbana mabega kwenye ubao, kumwamuru ashike pumzi. Nikaona haya. Nilisimama nyuma ya mlango, uso nimeugeuza, nikampiga picha akiwa na sweta zake mbili na pini za kitenge. Katikati akakohoa.

Mbavu zilitoka mbilimbili, na pini zimekaa juu ya pafu. Filamu zilikuwapo bado, ningeweza kurudia. Sikurudia. Nilimpelekea daktari picha ile bila kusema neno. Akaiinua dirishani, akasema ni majivu ya volkano tu, nani asiyekohoa siku hizi, akamwandikia dawa ya maji.

Kilikuwa kifua kikuu. Kilipokuja kutambuliwa, mama hakuwa na nguvu hata ya kumeza vidonge. Husemwa heshima si utumwa. Yangu ilikuwa utumwa, tena uliolipiwa na mtu mwingine.

Kwenye matanga kaka yake alisimama mbele ya ukoo wote, akanielekezea mkono.

“Huyu ni mukwe wa kweli,” alisema. “Hakuonaka mwili ya dada yangu hata siku moja.”

Watu wakaitikia. Mke wangu, ambaye hadi leo sijamwambia, alinishika mkono kwa fahari. Nikainamisha kichwa, nikasema asante.