Pipa la Kabichi na Gari la Spoti

Boncho Karadzhov aliendesha basi la abiria hapa mjini kwetu Samokov mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna abiria aliyewahi kumlaumu kwa mwendo kasi. Waliokuwa wakilaumu ni wale waliochelewa kazini. Ndiyo maana tulibaki midomo wazi alipoleta gari jekundu la spoti, la viti viwili, limebebwa juu ya trela na injini imekufa. Alilifufua mwenyewe. Gereji yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilisikia kila tusi alilolitoa, na siku lilipowaka mimi ndiye niliyetangulia kupiga makofi.

Ila kiti cha pili kilibaki kitupu. Tsonka, mkewe, aliapa kwamba hapandi.

"Hilo ni jeneza lenye magurudumu," alisema mbele yetu sote. "Umeniletea mke mwenza, sawa, nimenyamaza. Sasa unataka na anibebe mgongoni?"

Boncho alicheka pamoja nasi, lakini mimi sikudanganyika. Kila Jumamosi alipanda milimani peke yake na kurudi mapema mno, na mtu mwenye raha harudi mapema. Alichokitaka ni kimoja tu: Tsonka akae pale pembeni yake.

Majira ya baridi huku kwetu si mchezo. Theluji ikianguka, barabara humwagwa chumvi, na chumvi kwa chuma ni mchwa kwa mbao. Kwa hiyo majani yakishapukutika Boncho hulilaza gari lake. Huliosha tumbo, hujaza tangi la petroli pomoni ili lisifanye unyevu ndani, hulipandisha juu ya magogo matairi yasibonyee, na huziba bomba la moshi kwa tambara panya wasije wakahamia. Betri huipeleka nyumbani na kuiweka ukumbini, na Tsonka hujikwaa nayo kila asubuhi huku akiilaani.

Sasa, gereji hiyohiyo ndimo linamokaa pipa la kabichi. Nyumba isiyo na pipa la kabichi zilizolowekwa katika maji ya chumvi wakati wa baridi ni ya kuhurumiwa, na kabichi za Tsonka zilikuwa na sifa mtaa mzima. Hata maji yake yalikuwa dawa: mtu akilewa usiku, asubuhi utamwona anabisha hodi na kikombe mkononi, macho mekundu, adabu tele. Basi tazama kituko hiki, mtu anakimbia chumvi ya barabarani, halafu analaza gari kando ya pipa la chumvi!

"Toa pipa lako," Boncho alisema.

"Toa gari lako. Tuone utakula nini mpaka Pasaka."

Wakapatana kutundika blanketi katikati.

Kabichi hizo lazima zipulizwe. Unaingiza mpira wa maji mpaka chini ya pipa, unapuliza kwa mdomo, maji yanachemka mapovu na kujichanganya. Usipofanya hivyo zinaoza. Kupuliza ilikuwa kazi ya Boncho.

Jumapili moja ya Januari jua lilitoka. Boncho alilifunua gari lipate hewa, akakunja paa lake la turubai, akakaa ndani ameshika usukani. Mimi nilikuwa mlangoni napiga soga.

"Wewe dereva!" Tsonka akaita toka upande wa pili wa blanketi. "Umefika wapi?"

"Nakaribia Plovdiv."

"Ukifika, teremka uje upulize kabichi."

Akateremka, na jicho lake likatua kwenye kompresa ya kujazia matairi.

"Boncho, usithubutu," nikamwambia.

"Jirani, mapafu yangu yamechoka na mashine ipo. Nijitese kwa nini?"

Akaunganisha mpira, akafungua upepo wote.

Pipa lilinguruma, kisha likatapika. Mfuniko uliruka, blanketi likaenda nao, na maji ya chumvi yakatupiga usoni, ukutani, darini. Kabichi nzima ilitua kwenye kile kiti kitupu. Usukani ulikuwa unachuruzika.

Nilitaka kucheka. Nikamwona Boncho amekaa juu ya ndoo, machozi yanamlengalenga, nikajikaza.

"Nimeliepusha na chumvi ya barabarani," alisema, "nikalimwagia ya nyumbani."

Tsonka alijipangusa uso, akakunja mikono ya sweta.

"Kabichi ni zangu na mimi silii. Inuka! Jirani, lete maji ya moto."

Tukaosha. Boncho alisugua milango na mimi sakafu. Tsonka aliitoa kabichi kitini, akakausha ngozi ya kiti, lakini pembe za mbele hazikufikika kwa nje. Akasonya, akakusanya sketi yake, akaingia na kuketi. Alifuta dashibodi, akafuta mlango, akafuta pale alipokwisha kufuta. Kisha kitambaa kikasimama.

"Mbona hukuniambia kwamba mtu anakaa chini hivi?" aliuliza. "Miaka yote nadhani nitarushwa nje."

"Hukuniuliza, mke wangu. Ulikuwa unatukana tu."

Boncho aliingia upande wake taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Betri ilikuwa ukumbini, magurudumu hewani. Alishika usukani, akauzungusha kidogo kushoto. Mimi nikageukia ukuta, nikakamua tambara lililokwisha kukauka.

"Tunakwenda wapi?" Tsonka akauliza.

"Sandanski. Kule kuna joto."

Wakakaa wote wawili wanatazama mbele. Ghafla Tsonka akashika mlango kwa nguvu.

"Boncho, kona hiyo!"

"Nimeiona, Tsonka," Boncho akamjibu, akapunguza mwendo.