Mbuzi Yenye Kuinamia Batu

Yesu Maria, bwana yangu Lusenge atanimaliza! Mucommerçant moja wa Beni alimutuma Japon kuchagua bamoteur za gari. Benye kusafiri banaletea bibi zao kitenge, ao hata sabuni. Yeye alirudi na valise ya makaratasi ya biscuit na bapicha ya baplaque ya barabarani.

"Mama Ornella, angalia! Kule polisi iko na kadudu kake ka kuchora, kenye kucheka. Na bakichimba barabara, banachora mufundi anainamisha kichwa, anakuomba pole."

"Na barabara yetu ya Beni, nani alituomba pole?" nikamuuliza. Hata hakunisikia.

Mimi niko nachoma nyama ya mbuzi hapa Vulamba, na ile kazi ndiyo inasomesha batoto. Plaque yangu, kibao cha kuita bakiriya, ilikuwa na mbuzi ya kawaida, ya kusimama tu. Mais nilienda Kayna kununua mbuzi, na kurudi nakuta Lusenge amepaka plaque nyeupe pee, amechora mbuzi yenye kuvaa tablier ya mupishi, inacheka, inainamia batu: karibuni!

"Kule hata nguruwe inakukaribisha kwenye nyama yake," akasema, kifua mbele.

Dimanche kisha misa ndiyo siku yangu ya kuuza. Batoto bakainamia mbuzi, bakajiendea. Anne-Marie wa chorale, mwenye hakosake hata dimanche moja, akashika brochette, kijiti cha nyama, akaangalia plaque juu, akairudisha. "Kaswera, hii imenisalimia. Mwenye kukusalimia, utamukula namna gani?" Bengine nabo bakarudisha. Nyama ikakauka kwenye makaa.

Nilichemka! Nikakamata rangi na pinceau ya kufutia ile mbuzi, nikapanda kwenye kiti mwenyewe. Mais ile mbuzi ikaniinamia karibu karibu, na adabu yote. Mukono ikakataa. Nikashuka, machozi inanitoka.

"Baba Ornella, ulizunguka Japon, ukaona batu banainamiana, banaombana pole. Ile heshima yote ukaipatia mbuzi. Na mimi? Niko kwenye huu moshi tangu unioe. Uliniambia pole siku gani?"

Lusenge akaunganisha miguu, akaweka mikono kwenye mapaja, akainama mbele yangu mpaka chini, Anne-Marie na quartier nzima banaangalia.

"Pole, Kaswera."

Jina yangu! Tangu tuzale Ornella, hakuiitaka tena.

"Asante," nikamwambia, nikamupatia pinceau. "Sasa futa iyo mbuzi."