Mtoto wa Dirishani

Mpiga picha wa mtaani kwetu hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu wabaya ni rahisi kuwasema. Wanaotuponza zaidi ni watu wema wanaoona haya kusema kweli ndani ya nyumba zao.

Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara: pazia la bluu ukutani, kiti kisicho na mgongo, taa mbili, na kompyuta nyuma ya kaunta. Wateja wake walikuwa na ombi moja: "Fundi, nisafishe kidogo." Fundi alipiga picha, akaketi kwenye kompyuta, akapandisha mwanga wa uso mpaka ngozi ikafifia kama shati lililofuliwa mara mia. Mteja akaondoka anachekelea. Hata picha za shule alizisafisha, darasa zima kwa mpigo, bila kuombwa.

Kiziwanda wake, binti, alizaliwa mweusi kuliko kaka na dada yake. Shangazi yao alikuwa na mzaha aliourudia kila alipowatembelea: "Huyu mlimsahau jikoni, akaungua." Watu wazima walicheka. Fundi naye alicheka, maana yule alikuwa dada yake mkubwa, na mkubwa hakemewi. Mtoto hakucheka. Alipofika miaka sita alimfuata baba yake kazini akamuuliza kwa nini yeye ni mweusi kuliko wenzake, na kama ni kweli aliungua.

Hapo palihitajika maneno machache ya kweli. Kwamba amechukua rangi ya bibi yake mzaa mama. Kwamba watu hawakuumbwa wafanane, na hakuna aliyekosewa. Kwamba mzaha wa shangazi ni ujinga. Lakini Fundi alikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Alimjibu, "Ukikua itapungua." Kisha akamkalisha kwenye kile kiti na gauni lake la njano, akampiga picha, akaisafisha, akaitundika dirishani ikiwa kubwa kuliko zote. Aliona amempa zawadi. Kila mwaka alimpiga nyingine, akaisafisha vilevile, na ile ya asili akaifuta. Kila alipotoka shule mtoto alisimama mbele ya kioo cha dirisha, akimtazama yule msichana mweupe aliyevaa nguo zake.

Alikuwa na miaka tisa siku ambayo hakurudi kutoka shule. Kufikia saa kumi mama yake alikuwa amekwisha kugonga milango ya rafiki zake wote. Fundi alichapisha nakala sitini za picha ya dirishani, akagawana na mkewe, naye akaelekea hospitali.

Mapokezi walimwambia yupo mtoto wa kike aliyegongwa na pikipiki mchana. Wapita njia ndio waliomleta. Hajazinduka, na mguu umepondeka. Sare yake isingesaidia kitu, kwani shule zote za hapo huvaa rangi moja. Muuguzi alichukua picha, akaingia wodini, akarudi akitikisa kichwa.

"Si huyu, baba. Wetu ni mweusi sana."

Fundi alishusha pumzi, akashukuru, akaondoka. Getini alisimama, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua kuliko yeye kilichofanywa kwenye picha ile. Ilimpasa kurudi hatua hamsini na kutamka neno moja tu: nimeisafisha. Lakini aliona haya, na hofu ikamsaidia kujidanganya kwamba mtoto wake hawezi kuwa yule mwenye mguu uliopondeka. Akaenda kubandika picha sokoni.

Asubuhi mkewe alimtaka ataje kila mahali alipopita. Alipofika kwenye maneno ya muuguzi, mama aliweka kikombe chini.

"Mweusi sana," alirudia. "Na wetu, baba watoto, ni wa rangi gani?"

Hakungoja jibu. Alitoka na ndala, karibu anakimbia, na Fundi nyuma yake.

Alikuwa ni yeye. Daktari alikuwa amesubiri mzazi wa kutia sahihi ili ampasue. Sasa mguu ulikuwa umekwisha kufa, na jana, alisema, ungeokoka. Waliukata chini ya goti. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mtaani hakuna aliyemwambia Fundi. Ila mwiba ule haukumchoma yeye.

Siku ya tatu mtoto alizungumza. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, mwenye maneno mengi, alikuwa amekwisha kumsimulia habari za baba aliyekuja na picha ya mtoto mwingine.

"Baba," alisema, "ulikuwa unamtafuta nani?"

Fundi alimwambia yote, miaka mitatu baada ya kuulizwa. Kwamba alimdanganya, kwamba rangi yake haitapungua, na haikupaswa kupungua, kwamba aliyekuwa na kasoro ni baba yake. Yalikuwa maneno mazuri. Mtoto aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia upande wa mama yake akaomba maji.

Siku hizi mteja akiomba kusafishwa, Fundi humuuliza, "Ukipotea tutakutafuta kwa sura gani?" Wengine hucheka, wengine huhamia kwa fundi mwingine. Dirisha lake ni tupu. Kila mwaka, siku aliyozaliwa bintiye, huwasha taa zote mbili, hupangusa kile kiti, humwomba akae apigwe picha jinsi alivyo.

Binti huja mpaka mlangoni na magongo yake. Hukitazama kiti, na jibu lake halijabadilika.

"Mpige yule wa dirishani."